Pipa la Machicha Nyuma ya Ghala

Siku ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, ni Jumapili moja ya kiangazi, nilipochomoka kanisani kabla ya ibada kwisha nikaenda nyumbani kuchukua bomba la kupulizia pamba. Pamba ilikuwa imeshavunwa miezi mingi iliyopita na mashamba yamebaki vumbi tupu, kwa hiyo mtu ambaye angeniona na bomba mgongoni angejiuliza naenda kupulizia nini. Nililifunga ndani ya kanga nikalibeba kichwani kama mzigo wa nguo. Nilikuwa na miaka thelathini hivi, nguvu ninazo, na nilijiona mwerevu.

Nitakueleza nilikokuwa naenda, ila usiniharakishe. Ulinijia juzi na habari kwamba wewe na wenzako mmepata chumba pale Nyalikungu cha kusindika juisi ya embe, na mashine mmeshaleta. Ukaniomba baraka na nasaha mbili tatu, kama wanavyoombwa wazee. Baraka ninazo. Nasaha ninayo moja tu, niliipata kwa aibu, na ilinifikia wakati haina tena wa kumsaidia. Kama ulitaka mzee wa kukufurahisha, wako wengi mjini, nenda kwao. Mimi nitakwambia nilichofanya.

Wakati huo Simiyu haijawa mkoa, na Bariadi ilikuwa mji ambao ukikohoa upande huu unasikika upande ule. Nje kidogo ya mji kulikuwa na ghala la zamani la pamba, kuta nene, bati limetoboka hapa na pale. Kijiji kilitupa akina mama kumi na wawili tulitumie. Tulipika sosi ya nyanya. Unajua wewe mwenyewe nyanya za mabondeni zinavyoiva kwetu: zinaiva zote kwa pamoja, wiki moja zinagombewa, wiki inayofuata zinaozea kwenye matenga sokoni na mkulima anarudi nyumbani mikono mitupu. Wazo la kuzipika na kuzitia kwenye chupa lilitoka kwa rafiki yangu Holo, tukamfanya mwenyekiti.

Holo alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliyekuwa akiishi Bukundi, kule Meatu, alikuja kusema atamrithi yeye na watoto, kama desturi ilivyokuwa. Holo alikataa. Wazee wa ukoo wakakaa siku nzima, mwishowe wakatoa neno: kama ataweza kujilisha yeye na watoto wake wanne kwa mikono yake mwenyewe, abaki kwenye mji wake, akishindwa, atakwenda kwa shemeji. Kwa hiyo, mwanangu, wakati sisi wengine tulikwenda ghalani kutafuta sukari na sabuni, Holo alikwenda kupigania mlango wa nyumba yake. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, maana alinieleza mimi kabla hajamweleza hata mama yake mzazi.

Na alikuwa na mkono. Alikuwa akikaa pembeni ya sufuria anaijua sosi imeiva kwa kusikiliza tu inavyochemka, ikianza kusema kwa sauti nzito anasema ipueni. Ukionja unakuta kweli. Mimi sikuwa na mkono wa jiko. Nilikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri, wakanifanya msimamizi wa usafi wa chumba. Cheo kilinipendeza. Nilinunua leso nyeupe ya kufunga kichwani ili nionekane msimamizi.

Msimu wa pili vijinzi vikaanza. Sisemi nzi hawa wa kawaida wanaokaa kwenye mbavu za ng'ombe. Nasema vile vidogo vya matunda, punje ya ulezi yenye mabawa na macho mekundu, vinavyopepea polepole kama vimelewa. Mwanzoni tulivicheka. Mtu anapepea kanga, vinatawanyika, anageuka, vimerudi. Baada ya mwezi vilikuwa kwenye midomo ya chupa, kwenye chujio, kwenye sosi yenyewe. Tukawa tunaviopoa kwa ncha ya kijiko na kujifanya hatuvioni. Tulitaka kibali cha kuuza sosi kwenye shule na maduka ya mjini, na kibali hakitoki bila bwana afya kuja kukagua.

Bwana afya wa siku zile alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mrefu, mpole, anakuja na baiskeli yake na kofia ya sufu hata juani. Alipoingia, sote tukapiga magoti kumwamkia, naye akaitika mmoja mmoja bila haraka. Kisha akafanya jambo lililotushangaza. Chumba kilijaa vijinzi lakini hakuvitazama. Aliinama. Alipitisha kidole chini ya meza, kwenye maungio ya miguu yake. Alifunua mdomo wa mfereji wa maji machafu, akakwangua ule utelezi unaoganda kwenye kuta zake, akaupaka kwenye kisahani cheupe na kutuita tuone. Utelezi ulikuwa unatembea. Vifunza vyeupe, vyembamba kama uzi, vimejaa.

“Akina mayu,” alisema, akituita akina mama kwa Kisukuma, “hao wanaoruka waacheni, siku zao ni chache. Kazi yenu iko huku wanakozaliwa. Mkiua wote waliomo humu leo, wiki ijayo watakuwepo wengine wengi kama hawa, kwa sababu nyumba yao hamjaigusa.”

Akatufundisha. Alisema kijinzi kimoja kinataga mayai mamia, na kwa joto letu hili, kutoka yai hadi kinaruka ni kama wiki moja na siku kidogo. Alisema hakihitaji tunda zima. Kinatosheka na maji ya nyanya yaliyochachuka kwenye ufa wa sakafu, au tambara la kudekia lililoachwa limelowa ndani ya ndoo. Ghala letu lilijengwa kuweka pamba, sakafu yake haina mwinamo wowote, kwa hiyo maji yalikuwa yanatuama kila kona. Tulikuwa tunaosha kila jioni na kujisifu kwa kuosha, kumbe tulikuwa tunavinywesha.

Kisha akasema, badala ya kubahatisha, tuwaulize wadudu wenyewe wanatokea wapi. Chukueni nailoni nyeupe, alisema, pakeni mafuta ya kula upande mmoja, mfunike kila mahali mnapopashuku, upande wenye mafuta utazame ndani. Acheni siku mbili. Wanaotoka watanasa. Penye wengi zaidi ndipo nyumbani kwao.

Tulifanya hivyo. Tulifunika mfereji, ndoo ya tambara, tundu chini ya meza kubwa, na ufa mmoja mrefu kwenye ukuta wa nyuma. Siku ya pili tukafunua. Kwenye mfereji vilinasa vya kuhesabika. Kwenye ndoo, vichache zaidi. Nailoni ya ukuta wa nyuma ilikuwa nyeusi, huoni weupe wake. Wenzangu wakapiga mayowe ya kushangaa, wakauliza nyuma ya ukuta huo kuna nini. Mimi sikuuliza. Nilijua kuna nini, kwa sababu nilikiweka mimi.

Kulikuwa na pipa la machicha la baba mkwe wangu.

Hapa lazima nikueleze, mwanangu, maana ninyi wa siku hizi mnaishi na wakwe zenu mnataniana kama marika. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kibaya. Majani yaliisha mapema, na ndama wa baba mkwe walikuwa wamebaki mbavu. Mimi nilikuwa na miaka sita kwenye mji wake, nina watoto wawili wa kike, na wifi zangu walikuwa wameanza kusema maneno kisimani. Basi nilipoona maganda na machicha ya nyanya yanamwagwa kila siku, nikaomba kazi ya kuyatupa iwe yangu, nikawa nayaweka kwenye pipa kwa ajili ya ndama, nyuma ya ghala ambako wenzangu hawapiti. Jioni ya kwanza nilipiga magoti mbele ya baba mkwe, macho chini, nikamwambia kuna chakula cha ndama kule ghalani. Akapokea habari ile kwa mikono miwili. “Wabeja, mayu,” alinishukuru, na tangu siku hiyo wifi zangu wakafunga midomo. Pipa lile ndilo lililonipa uzito katika mji wa mume wangu. Nililipenda kama mtu anavyopenda cheti.

Mwanzo alikuwa akija na mkokoteni wa punda kila jioni, wenzangu wameshaondoka, anayabeba yote. Baadaye akawa anakuja baada ya siku tatu. Baadaye kwa wiki mara moja, anachota ndoo mbili anakwenda zake. Pipa likawa limejaa wakati wote, linatoa mapovu, linanuka kama pombe ya kienyeji iliyopitiliza, na maji yake yanachuruzika chini ya ukuta na kuingia kwenye ule ufa. Nikajiambia mzee ana shughuli, malisho yamekuwa mbali. Sikumuuliza. Mkamwana haulizi.

Na mkamwana hamwambii baba mkwe ondoa kitu chako. Hamtaji jina, hamtazami usoni, sembuse kumwambia chakula cha ng'ombe wake kinaleta uchafu. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, ambaye angenisemea. Mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe wakubwa kutafuta majani kusini. Lakini sitaki kujificha nyuma ya desturi. Nimejificha huko vya kutosha. Holo mwenyewe angeweza kumwendea, kwake yeye hakuwa mkwe. Bwana afya angeweza. Mchungaji wa kanisa angeweza. Ilikuwa ni mimi kufungua mdomo niseme, jamani, huko nyuma kuna pipa la baba mkwe, nisaidieni. Sikutaka waguse pipa langu. Nilisimama mbele ya wenzangu na leso yangu nyeupe nikasema, “Hilo niachieni, nitalishughulikia.” Bwana afya alikuwa ameshatupa wiki mbili siku ile ya kwanza, kabla ya kupanda baiskeli yake.

Tulisugua mfereji. Tulianika tambara la kudekia juani. Holo alileta mpira wa kusukumia maji, tukawa tunakausha sakafu kila jioni mpaka inang'aa. Vijinzi vikapungua kidogo, halafu vikabaki palepale. Kila asubuhi Holo ananiuliza, “Minza, ule ukuta vipi?” Kila asubuhi najibu nashughulikia. Katika zile wiki mbili ikabaki siku moja.

Sasa unajua Jumapili ile nilikuwa naenda wapi. Katika nyumba za kwetu, nyumba ya mkulima wa pamba haikosi bomba na haikosi chupa ya dawa iliyobaki msimu uliopita, imechomekwa kwenye paa la ghala la mtama. Tumekua nayo. Mtu ana chawa, kuna aliyewahi kujipaka. Mbwa ana kupe, anapuliziwa. Tuliona dawa ile ikiua funza wa pamba asubuhi na jioni shamba limetulia, tukaamini hakuna kinachotambaa kitakachoishinda. Nilipima kwa kifuniko cha chupa kama tulivyozoea shambani, halafu nikaongeza kifuniko kingine kwa uhakika.

Nilifunga madirisha. Nilifunika masufuria kwa magunia, nikafunika na matenga ya nyanya. Nikapuliza kuta, dari, meza, ufa, kila mahali. Vijinzi vilianguka kama makapi ya mtama yanayopepetwa. Nilicheka peke yangu, mwanangu. Nilifagia vilivyokufa nikajaza kizoleo, nikafungua madirisha, nikarudi nyumbani kuoga na kupika, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilikuwa nimemheshimu mkwe wangu na nimewaokoa wenzangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Sikukumbuka chupa. Zilikuwa zimeoshwa Jumamosi, zimepangwa juu ya kichanja cha ukuta wa mashariki zikauke, midomo wazi.

Jumatatu tulianza kujaza mapema. Holo alisimama katikati ya chumba akazunguka akitazama juu, hakuna kijinzi hata kimoja. Alinishika mkono. “Umewafanyaje?” Nikasema nimesugua ukuta na kuziba ufa. Alifurahi yule mwanamke, sijawahi kumwona amefurahi vile tangu afiwe. Alisema bwana afya akitoa kibali leo, atakwenda mwenyewe kwa wazee wa ukoo kuwaambia wasimwite tena kwenye kikao. Alipika siku hiyo akiimba.

Joto la sufuria ndilo lililonisaliti. Kufikia mchana kuta zilikuwa zimepata moto, na harufu ikaanza kutoka. Mtu wa pamba haisahau harufu ile. Inakaa nyuma ya koo. Niliwaona wenzangu mmoja mmoja wananusa, wanafunika pua kwa kanga. Ndipo bwana afya akafika. Alisimama mlangoni akavua kofia yake, nayo siku zote haivui. Alitazama chupa zilizojazwa, zimepangwa mezani safu kwa safu, nyekundu nzuri.

“Nani amepuliza humu?” aliuliza.

Hakugomba. Angegomba labda ningelia na kusema. Holo alinitazama mara moja tu, nikatazama sakafu. Nilijua nikisema mimi, swali la pili litakuwa kwa nini, na jibu lake ni pipa, na pipa ni baba mkwe, na jioni hiyohiyo mji mzima utasema mkamwana amempeleka mkwe wake kwa bwana afya.

“Mimi ndiye mwenyekiti,” alisema Holo. “Chumba nimekabidhiwa mimi.”

“Sijauliza mwenyekiti ni nani, mayu.”

“Basi andika mimi.”

Mzee alimtazama, akatutazama na sisi, akaandika. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia chupa. Nilikikunja mara nne, nakumbuka, nikakikunjua, nikakikunja tena. Hakuna kitu kingine nilichofanya.

Chupa zote zilichimbiwa shimo zikamwagwa siku ileile, na ghala likafungwa. Bwana afya hakutangaza neno, lakini akina mama kumi na wawili hawawezi kunyamaza wote. Kabla wiki haijaisha ilikuwa inasemwa sokoni kwamba sosi ya Holo ina sumu. Akipanga hata nyanya mbichi chini, watu wanapita kwenye fungu lake kama hawalioni. Siku ya tisa nilipita ghalani nikachungulia kwenye tundu la mlango. Vijinzi vilikuwa vimejaa ndani kama zamani, vinapepea polepole, vikitokea ukutani. Dawa haikufika kwenye pipa. Kila alichosema yule mzee kilikuwa kweli, hata siku zenyewe.

Wazee wa ukoo walikaa tena, na safari hii kikao hakikuchukua hata nusu ya asubuhi. Holo alikwenda Bukundi kabla ya mvua za kwanza. Alipanda basi na watoto wanne na sufuria kubwa, akawa mke wa tatu wa shemeji yake. Sikwenda kumsindikiza. Nilijifanya nina homa, nikajifunika shuka mchana kweupe, nikasikia basi likipiga honi stendi. Wenzangu waliokwenda walisema hakulia.

Ungedhani yameishia hapo. Miaka ikapita, nikapata watoto wengine, nywele zikaanza kubadilika, na baba mkwe akaugua ugonjwa wa uzeeni. Mimi ndiye niliyemuuguza. Mtu akishafika kule, mambo ya kuoneana aibu yanapungua. Nilimlisha uji kwa mkono wangu na tukawa tunazungumza. Siku moja akacheka peke yake, nikamuuliza anacheka nini.

“Nakumbuka machicha yako, mayu,” alisema. “Yalinitesa yale. Ndama waliyala siku chache wakaharisha, wakawa hawataki hata kuyanusa. Nikawa nakuja kuchota kidogo kidogo nikamwage mbali huko, usione. Mkamwana akikupa kitu, unamrudishia vipi? Ungejisikia vibaya.”

Nilikuwa nimepiga magoti na bakuli mkononi. Uji ulipoa. Nilitaka kumwambia, na nikaona mzee amebakiza siku chache na amefurahi kwa ajili ya heshima aliyonifanyia, nikainua kijiko nikaendelea kumlisha. Alizikwa kabla ya mavuno. Mpaka leo naona kwamba hata pale ningesema. Nilikuwa na nafasi nyingine na nikanyamaza tena, na safari hii sikuwa na mtu wa kumwogopa.

Baada ya arobaini nilipanda gari kwenda Bukundi. Nilimkuta Holo amekaa kwenye ngozi nje ya nyumba, anachambua mtama. Alikuwa amekonda na meno mawili ya mbele hayapo. “Mwadila, Minza,” alinisalimia, kana kwamba tuliachana jana, akanisogezea nafasi. Nilimweleza yote, pipa, bomba, chupa, na maneno ya mzee juu ya ndama. Nililia wakati nasimulia, na mimi si mtu wa kulia. Mikono yake haikusimama kuchambua.

“Kumbe lilikuwa pipa,” alisema.

Akaokota jiwe dogo kwenye ungo akalitupa.

“Sasa Minza, umekuja kuniambia ili nifanye nini?”

Nilisafiri kutwa nzima na vumbi lile lote nikidhani nimebeba kitu cha kumpa, kumbe nilikwenda kuutua mzigo wangu mlangoni kwake. Alinipikia ugali na maziwa ya mgando, nikala. Akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote, akizungumza habari za mvua. Hakunitukana na hakunisamehe. Nasikia bado yu hai, miguu inamsumbua. Watoto wake hakuna aliyemaliza shule. Sijarudi tena Bukundi, kwa sababu swali lake bado sijalipatia jibu na sioni kama nitalipata.

Basi nasaha yangu ni hii, isikilize yote. Ukiona kijinzi kimoja kwenye chumba chako, usihangaike na hewani. Inama. Tafuta palipolowa: mfereji, ufa, chini ya mashine, ndani ya mpira wa mlango, tambara la kudekia, kreti iliyobaki na embe moja bovu chini. Sugua utelezi kwa brashi, maana maji peke yake yanaupita juu. Kausha. Maganda yaondoke siku hiyohiyo, yaende mbali, hata kama kuna mtu wa heshima anayeyataka. Anayeyataka aje na chombo chake ayachukue leo. Dawa ya shamba ibaki shamba. Usijifariji kwamba umefunika, kuna kitu hujakifunika. Na usafi wa leo hauhesabiki kesho, unaanza upya kila jioni.

Hayo utafundishwa na wengine pia, tena vizuri zaidi, na mashine zenu za kisasa zitasaidia. Lakini kuna mahali pataloa ambapo hakuna brashi itakayofika, kwa sababu patakuwa pa mtu unayemwogopa au unayetaka akupende. Itakuwa kreti ya shangazi, au ndoo ya mfadhili, au tundu aliloacha fundi ambaye ni kaka yako. Utaliona wewe kabla ya wengine, maana wewe ndiye unayelijua. Siku hiyo usiseme nitalishughulikia. Sema ni la nani na liko wapi, mbele ya watu. Huyo unayemwogopa pengine anakuogopa wewe, na mko wawili mnalinda kitu ambacho hata ng'ombe wamekikataa. Sikwambii kwamba ukisema mambo yatakuwa mazuri. Mimi sikusema, kwa hiyo sijui yangekuwaje. Ninachojua ni yalivyokuwa.

Nenda, mwanangu, ukafungue chumba chako. Mungu akupe sakafu inayokauka na mikono isiyochoka. Akupe mwenzako mwenye mkono kama wa Holo, na akulinde usimpoteze kama nilivyompoteza mimi. Na siku bwana afya wako atakaposimama mlangoni akauliza nani, Mungu akupe sauti palepale, kabla mwenzako hajaitika kwa ajili yako.